Tusicheze na usukani wa basi la shule

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii nimeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wangu wameitungia insha za kupendeza. Leo naiandika kwa aibu, kwa maana mimi niliyeifundisha ndimi niliyeipuuza.

Nilipokuwa naibu wa mwalimu mkuu katika shule moja ya bweni, dereva wetu alinijia ofisini, kofia mkononi. "Mwalimu," akasema, "usukani wa basi unacheza. Nauzungusha upana wa kiganja kizima kabla ya magurudumu kugeuka. Giaboksi ya steringi imechoka, haina budi kufunguliwa." Nilipoisikia gharama, nilimwambia asubiri muhula ujao na kwamba kwa wakati huo fundi aikaze tu. Fundi alikuja, akalegeza nati, akakaza parafujo iliyo juu ya giaboksi, akalipwa akaenda zake. Nami nikajiona hodari wa kubana matumizi.

Majuma mawili baadaye tulikuwa tukiteremka Mai Mahiu na wanafunzi wa kwaya. Katika kona moja dereva alikata usukani, nao ukakataa kurudi. Basi likaelekea ukingo wa bonde. Nyimbo zilikatika ghafla. Dereva alipambana na usukani kwa mikono yote miwili hata akalisimamisha basi mavumbini, kando ya lami. Hakuna aliyeumia. Lakini hadi leo sijasahau jinsi yule mzee alivyonitazama bila kunena neno.

Baadaye nilikwenda kwa fundi mwingine anieleze kilichotokea. Ndani ya giaboksi ya basi la aina ile mna shafti yenye mfuo uliozunguka kama wa parafujo. Gololi za chuma hubingirika katika mfuo huo na kusukuma kipande chenye meno, nacho huzungusha shafti ya pili inayouvuta mkono wa kugeuzia magurudumu. Kwa kuwa gari huenda moja kwa moja muda mwingi wa maisha yake, meno ya katikati ndiyo huliwa kwanza. Yale ya pembeni hubaki mazima. Basi ukiikaza parafujo mpaka ulegevu wa katikati uishe, meno ya pembeni hubanana gari likatapo kona. Fundi wetu wa kwanza hakuuponya ugonjwa. Aliuhamisha kutoka barabara nyoofu hadi konani, mahali palipo pa hatari zaidi.

Kuna wanaodai kwamba shule hazina fedha, na kwamba ajali haina kinga. La kwanza nalielewa, maana karo hucheleweshwa na mgao wa serikali haufiki kwa wakati. La pili nalikataa katakata. Ajali ya usukani uliochakaa hutanguliwa na dalili nyingi: gari huyumba, mafuta huvuja kwenye sili, dereva hulalamika. Tena gari liendalo kilomita 80 kwa saa hukata takribani mita 22 kila sekunde. Mwanafunzi wa hesabu na apige hesabu mwenyewe, dereva aliyechelewa kwa nusu sekunde tu kuirudisha gari njiani amekwenda umbali gani.

Tufanyeje, basi? Kwanza, tusiilaumu giaboksi kabla ya kuchunguza viungo vyote, kwa kuwa huenda kilicholegea ni vifundo vya vyuma vinavyoshika magurudumu, au boliti zinazoifunga giaboksi kwenye chesisi. Pili, ikithibitika kuwa ni giaboksi, ifunguliwe. Kubadilisha sili peke yake huzuia mafuta yasivuje, lakini hakurejeshi chuma kilicholiwa. Shafti, gololi na beringi zilizochakaa sharti zibadilishwe. Tatu, tukinunua giaboksi iliyotumika, nayo ikaguliwe ndani kabla ya kufungwa, tusije tukanunua maradhi yale yale. Nne, asikubaliwe fundi yeyote anayetaka kuchomelea sehemu ya usukani iliyopasuka.

Naam, magari ya abiria hukaguliwa kila mwaka chini ya NTSA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Hata hivyo, ukaguzi wa siku moja hauwezi kulilinda basi siku zote zinazobaki. Ulinzi huo ni wetu sisi walimu, bodi za shule na wazazi.

Nawasihi walimu wenzangu: kabla ya kila safari, basi lisimame mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka na injini ikinguruma. Mmoja autikise usukani polepole huku na huku, mwingine asimame nje akiyatazama magurudumu ya mbele. Usukani ukisogea sana nayo yametulia, safari iahirishwe. Kazi hiyo haimalizi dakika tano. Nanyi wanafunzi mnaosomea ufundi, jueni kuwa taaluma yenu inabeba roho za watu, wala msikubali kulipwa kwa kukaza parafujo mnapojua kuwa kilichooza kiko ndani.

Basi letu lilifunguliwa giaboksi juma lile lile, na fedha zilipatikana. Zilikuwapo tangu siku ile dereva aliposimama mbele ya meza yangu.