Mgonjwa wa Mionzi si Mvivu

Mtu aliyetibiwa uvimbe wa ubongo kwa mionzi hurejea kazini, akasahau alichoagizwa asubuhi, akasinzia mchana, na papo hapo akaitwa mvivu. Hukumu hiyo ni dhuluma, nasi hatuna budi kuipinga.

Ubongo ni kama sehemu 2 tu katika 100 za uzito wa mwili, lakini hutumia takriban sehemu 20 katika 100 za nguvu zote mwili unapopumzika, na chakula chake kikuu ni sukari iletwayo na damu. Mionzi huua chembe za uvimbe. Hata hivyo hudhuru pia mishipa midogo ya damu, na chembe changa za hipokampasi, sehemu ndogo ya ubongo inayojenga kumbukumbu mpya. Vipimo vya PET, vionyeshavyo sukari inatumika wapi, vimebainisha kwamba mahali palipopata dozi kubwa huweza kupunguza matumizi hayo miezi kadhaa baadaye. Usingizi mzito waweza kuja wiki chache baada ya tiba kumalizika, wakati ambapo jamaa wanatazamia nafuu. Huo aghalabu hupita. Kusahau kunakojitokeza baada ya nusu mwaka ndiko kunakohofiwa kudumu.

Asitokee mtu akayafanya maneno haya kuwa hoja ya kuikimbia mionzi. Uvimbe mkali uitwao glioblastoma, ambao kwa kawaida hupewa grei 60 kwa vipindi 30, haumsubiri mtu. Na hao wauzao dawa za chupa mitaani, tuwaulize wamepima nini.

Tunalodai ni jingine. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba wagonjwa wa saratani iliyosambaa ubongoni, waliopigwa mionzi ya ubongo mzima, walihifadhi uwezo wao wa kufikiri vizuri zaidi pale hipokampasi ilipokingwa. Kumbe madhara haya yanaweza kupunguzwa! Basi kila hospitali itoayo mionzi impime mgonjwa kumbukumbu kabla ya tiba na baada yake. Kazi hiyo yahitaji karatasi, kalamu na mtumishi mwenye subira. Mke au mume aitwe mapema, aelezwe usingizi huo waweza kuja lini. Na mwajiri, mgonjwa akiridhia, apelekewe barua ya daktari, ili kinachopunguzwa kiwe mzigo wa kazi, si mshahara.