Rola, Neti na Rupia Nne

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwafikisha Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, watumwa walioachwa huru, wakajenga kijiji cha misheni. Mwaka huohuo, ng'ambo ya Bahari ya Hindi, nchini India, alizaliwa Palwankar Baloo.

Baloo alikuwa Mchamar, tabaka la mafundi ngozi waliohesabiwa najisi. Akiwa kijana mjini Poona, klabu ya kriketi ya Waparsi ilimwajiri kufagia uwanja kwa rupia 3 kwa mwezi. Klabu ya Waingereza ikamwongeza rupia moja: avute rola, afunge neti, apige chokaa. Kisha siku moja mchezaji mmoja akamwambia arushe mpira. Tangu hapo Kapteni J. G. Greig, mpigaji hodari, akawa hamwachi, na inasimuliwa kwamba kila Baloo alipomtoa alimlipa nusu rupia. Kurusha alirusha kwa mamia ya saa. Gongo hakupewa.

Timu ya Wahindu ikamchukua, ikashinda naye. Ilipofika saa ya chai, wenzake walikaa ndani. Yeye alinywea nje, kwa kikombe cha udongo cha kutupwa. Mwaka 1911, katika ziara ya Uingereza ambayo timu ya India ilifungwa mechi nyingi, yeye peke yake aliwatoa wapigaji 114. Unahodha wa Wahindu? Aliupata mdogo wake Vithal, mwaka 1923.

Viwanja vya mpira wa miguu vya Masasi na jirani yake Newala navyo vina akina Baloo: vijana wanaofyeka nyasi na kumwaga chokaa, halafu mechi ikianza wanasimama nyuma ya goli kuokota mipira. Hakuna anayewauliza kama wanaweza kucheza.

Mwaka 2025 wavulana wa Tanzania wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe la Dunia la kriketi kwa mara ya kwanza. Ni jambo la kujivunia, ila mchezo wenyewe umeng'ang'ania mno Dar es Salaam. Ukiupandisha hadi Newala usisubiri nyasi za kijani. Huko juu maji ya kunywa tu ni kazi kuyapata. Afrika Mashariki imecheza kriketi miaka mingi juu ya mkeka uliotandikwa kwenye saruji, na mkeka unataka mtu wa kuutandika asubuhi na kuukunja jioni. Huyo ndiye apewe mpira kabla ya wengine, alipwe ujira wa maana, na gongo ashike.