Umezaa kwa CS, sasa unataka kuzaa kawaida? Kwanza uliza thieta iko wapi

Kuna aina ya vidio imejaa kwa TikTok yangu siku hizi. Msichana ameshika mtoi mchanga, wimbo wa kuabudu unacheza chini chini, na maandishi yanasema aliambiwa hawezi kuzaa kawaida baada ya CS, na ona sasa, ameweza. Komenti zimejaa moto na mioyo. Mama jasiri. Simba jike. Mwanamke wa chuma.

Mimi huzipenda hizo vidio, sitadanganya. Lakini hakuna hata moja nimeona ikionyesha chumba kilicho mita ishirini kutoka kwa kile kitanda, chumba chenye taa kubwa, daktari, na damu kwenye friji. Na nikisema ukweli wangu, hicho chumba ndicho stori. Ujasiri ni mapambo tu.

Kabla mtu aniulize nimetoa digrii wapi: sina. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kozi yenyewe haikuwa hata ya udaktari. Lakini cuzo wangu alibeba mimba ya pili akiwa na kovu la CS, mimi ndiye nilikuwa namsindikiza kliniki, na yale maswali aliogopa kuuliza niliuliza mimi mpaka manesi wakanizoea.

Tuanze na namba, kwa sababu pande zote mbili hutudanganya. Mwaka 2004 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti wa Marekani uliofuatilia karibu wanawake 17,900 waliokuwa na kovu la CS na wakajaribu kuzaa kawaida. Takriban 73 kwa kila 100 walifaulu. Waliopasuka mfuko wa uzazi walikuwa 124, yaani kama 7 kwa kila 1,000. Madaktari wa Uingereza huwaambia wagonjwa wao namba iliyo karibu na hiyo: mmoja kwa 200. Kwa hivyo anti anayekuambia ukijaribu utakufa anakutisha bure. Na influensa anayekuambia hakuna noma, mwili wako unajua kazi yake, pia anakuchezea.

Mmoja kwa 200 ni nini? Jaza matatu sita za abiria 33. Mmoja wao. Inaonekana ndogo, na ni ndogo kweli. Sasa muulize huyo mmoja.

Kinachotokea ni hiki. Uchungu unakuja kwa nguvu, na pale pa kovu la zamani panaachana kama mshono wa suruali. Mama anavuja damu ndani kwa ndani, ambapo hakuna anayeona. Mtoto anaweza kutoka nje ya mfuko wa uzazi na kuingia tumboni, na oksijeni yake inakatika. Mara nyingi dalili ya kwanza si mama kupiga nduru, ni mapigo ya moyo wa mtoto kubadilika ghafla. Dalili zingine ni maumivu yasiyoisha hata uchungu ukipumzika, damu, kuishiwa nguvu, au uchungu uliokuwa umeshika vizuri kusimama tu bila sababu. Kutoka hapo unahesabu dakika. Si masaa. Mama anahitaji kupasuliwa na kuongezewa damu saa hiyo hiyo, na wakati mwingine mfuko wa uzazi unatolewa kabisa.

Sasa rudi kwa ule utafiti. Wale wanawake hawakuzalia popote tu. Walizalia katika hospitali 19 za vyuo vikuu, mahali thieta haifungwi. Wakati mfuko wa uzazi ulipopasuka, kulikuwa na mtu wa kukimbia. Chukua mama huyo huyo, kovu lile lile, bahati mbaya ile ile, umweke kwenye kituo cha afya ambacho ambulensi ya kaunti imeenda kuleta mafuta na hospitali ya rufaa iko kilomita 60 za vumbi. Uwezekano wa kupasuka haujabadilika. Uwezekano wa kurudi nyumbani umebadilika kabisa. Ndio maana nikisikia mtu akijadili kama VBAC ni salama au si salama bila kutaja mahali, naona hatujaanza kuongea.

Halafu kuna kovu lenyewe, na hapa ndipo wengi wetu hatujui kitu.

Mwaka 1916 daktari mmoja wa New York, Edwin Cragin, alisema mwanamke akizaa kwa upasuaji mara moja, atazaa kwa upasuaji siku zote. Ule msemo umeishi zaidi ya miaka mia na bado unausikia kwa korido za hospitali zetu. Lakini enzi zake mfuko wa uzazi ulikatwa wima, juu, kwenye sehemu nene inayofanya kazi yote ya kusukuma. Kovu la hapo hupasuka kwa urahisi sana. Baadaye, hasa baada ya kazi ya Munro Kerr wa Glasgow miaka ya 1920, madaktari wakahamia mkato wa kulala, chini, pale pembamba pasipokaza sana. Zile namba za mmoja kwa 200 ni za huo mkato wa chini. Ukiwa na ule wa wima wa zamani, ambao bado hukatwa katika dharura fulani, kwa mfano mtoto akiwa mdogo sana au amelala vibaya, hesabu ni nyingine na utaambiwa usijaribu.

Na hii ndiyo sehemu iliniuma: kovu unaloliona kwa ngozi halikuambii kitu. Unaweza kuwa na kamstari kazuri kamelala pale chini ya nguo ya ndani, na ndani ulikatwa wima. Anayejua ni daktari aliyekupasua na karatasi aliyoandika.

Cuzo alipasuliwa mara ya kwanza akiwa 20, kwenye hospitali fulani ya kaunti ambayo sitaitaja. Karatasi ya kuruhusiwa kwenda nyumbani ilikuwa imeandikwa maneno mawili: CS, sawa. Hakuna aina ya mkato, hakuna sababu ya kupasuliwa, hakuna kama kidonda kilipata maambukizi. Kliniki ya Nairobi ikamwambia alete faili. Akapanda matatu, masaa sita kwenda, akaambiwa faili haionekani, arudi wiki ijayo. Alirudi mara mbili. Ya tatu karani mmoja mwenye roho safi alienda mwenyewe kwa stoo akatoka na faili imejaa vumbi. Mkato wa chini. Mtoto wa kwanza alikuwa ametanguliza matako. Hiyo sentensi moja ndiyo iliamua kila kitu, na ilikuwa imekaa kwa boksi.

Wasee, 2024 tulijifunza Katiba tukiwa barabarani. Kifungu cha 43 kinataja huduma ya afya ya uzazi kwa jina. Cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zinazoshikiliwa na serikali. Tukidai risiti za mabilioni, tudai pia karatasi inayosema tumbo lako lilikatwa vipi. Ukipasuliwa leo, usitoke kwa wodi kabla hiyo sentensi haijaandikwa kwenye kijitabu cha mama na mtoto. Ipige picha. Jitumie kwa WhatsApp.

Najua pia kwa nini watu hawaamini daktari akisema CS. SHA inalipa hospitali shilingi 10,000 kwa kuzaa kawaida na 30,000 kwa kupasuliwa, na sisi si wajinga, tunaona tofauti. Uliza. Uliza kwa nini mimi, kwa nini leo, na ungemfanyia dada yako hivyo? Lakini kumshuku daktari hakuzibi kovu. Unaweza kuwa sahihi kwamba hospitali inapenda pesa na bado ukapasuka.

Na wale wanaotaka kuzaa kawaida si wajinga wala hawatafuti sifa. Kila CS inaacha kovu lingine, na mimba inayofuata kondo la nyuma linaweza kujishika kwenye hilo kovu na kukataa kutoka. Utafiti mwingine wa Marekani, wa 2006, ulionyesha kwamba mwanamke anayeenda CS ya tatu akiwa na kondo lililofunika njia ya uzazi, hilo linampata kama 40 kati ya 100. Kwa hivyo msichana wa miaka 22 anayetaka watoto wanne ana sababu nzuri ya kukataa kisu. Anapiga hesabu ya miaka kumi mbele.

Kinachonikasirisha ni ile kelele nyingine. Ati CS si kuzaa. Ati ulichukua njia ya mkato. Mwanaume hajawahi kushikwa hata na mawe ya figo anaandika hivyo kwa komenti, na msichana aliye na kovu anasoma. Matokeo ni nini? Anafika kliniki akiulizwa kama amewahi kupasuliwa anasema hapana. Ama anakaa kwa keja na uchungu mpaka dakika ya mwisho ili wakimpokea wawe wamechelewa kumkata. Ama anapewa majani ya kunywa ya kuharakisha uchungu, au tembe ya kuuanzisha kutoka kwa mtu anayeuza chini ya kaunta. Hapo ndipo ninaomba nisikike vizuri. Kuna utafiti wa 2001 uliohesabu: uchungu ukijianzia wenyewe, waliopasuka walikuwa kama 5 kwa 1,000. Ukianzishwa kwa dawa za jamii ya prostaglandini, karibu 25. Mara tano. Ile tembe maarufu iko kwenye jamii hiyo hiyo. Na hayo majani, hakuna anayejua yana nguvu kiasi gani, hata aliyeyachemsha.

Cuzo alizaa kawaida. Miaka miwili na nusu baada ya wa kwanza, jambo lililomsaidia pia, kwa sababu watoto wakifuatana chini ya mwaka na nusu kovu halijashika vizuri. Alienda hospitali uchungu ulipoanza tu, hakungoja. Damu ya kundi lake ilikuwa imetengwa. Nesi mmoja alikaa naye masaa tisa akisikiliza moyo wa mtoto na kuandika, akisikiliza na kuandika, na thieta ya pembeni ikabaki imefungwa taa usiku kucha bila kutumika. Familia ilipiga nderemo, shosho akasema mjukuu wake ni mwanamke kweli kweli. Hakuna aliyemtaja yule nesi. Nilimtafuta asubuhi nimpe asante na soda, nikaambiwa zamu yake iliisha.

Tangu nianze kuongea hii maneno DM zangu zimejaa. Mmoja ana wiki 34, kovu moja, mkato wa chini, anataka kawaida. Hospitali iliyo karibu naye ina thieta mpya kabisa, gavana alikata utepe, lakini mtaalamu wa nusukaputi huenda nyumbani saa kumi na moja jioni na wikendi hayupo. Hospitali yenye watu usiku kucha iko mjini, masaa mawili. Nimemwambia apeleke kijitabu chake huko wiki hii, daktari amwone. Ana anti anayeishi karibu na hiyo ya mjini. Anajaribu kumshawishi bwanake amruhusu ahamie huko mwezi wa mwisho.