Kalambo na hesabu za wageni

Wandugu, kila nikimwambia mtu hapa Dar kwamba natoka Sumbawanga, swali la kwanza ni uchawi. Nacheka tu. Hakuna anayeniuliza kuhusu Kalambo, maporomoko ya zaidi ya mita 200, kama mara mbili ya kimo cha Victoria, pale tunapopakana na Zambia.

Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha habari za magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa pale Kalambo miaka kama 476,000 iliyopita. Yalichimbwa upande wa Zambia, sawa, lakini mto si ni ule ule jamani!

Kinachoniudhi ni vipimo. Bodi ya Utalii inatangaza, TFS inatunza hifadhi, halafu tunasomewa idadi ya wageni walioingia nchini. Idadi hiyo haimsaidii mama lishe wa Matai. Mimi ningeipima Bodi kwa vitanda vilivyolaliwa Sumbawanga. Ngazi za kushukia zipo, lami kutoka Tunduma ipo. Mgeni je, anajua? Hebu muulizeni wakala yeyote wa safari pale Posta njia ya kwenda Kalambo, halafu mniambie amewajibu nini.