Jina si Nasaba: Tuzisome Daftari za Kale kwa Uangalifu

Jumamosi moja mwanafunzi wangu alinijia nyumbani Kombani, karibu na pale barabara ya Kwale inapoachana na ile iendayo Ukunda na Lunga Lunga. Baada ya shikamoo na marahaba, alitoa bahasha na kunionyesha karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa nakala ya cheti cha ubatizo cha baba wa babu yake, aliyebatizwa akiwa mtoto katika misheni moja ya pwani katika miaka ya 1880. Ya pili ilikuwa ukurasa wa daftari la parokia moja ya Wales, alioupata kwenye intaneti na kuuchapisha. Katika karatasi zote mbili lilikuwamo jina moja, la kwanza na la ukoo, herufi kwa herufi.

Kijana yule alikuwa amekwisha kuchora shajara ya nasaba yake kwa wino mweusi, kuanzia kwake hadi kwa wakulima wa Wales wa miaka ya 1700. Aliniuliza kwa dhati: "Mwalimu, kumbe sisi asili yetu ni Wales?"

Sikucheka, na ninamwomba msomaji naye asicheke. Kosa alilolitenda ni kosa linalotendwa na watu wazima wenye shahada, tena huko Ulaya kwenyewe. Alidhani kwamba jina likifanana na jina, basi mtu ni yuleyule. Nia yangu leo ni kueleza kwa walimu na wanafunzi kwa nini dhana hiyo ni ya hatari, na kwa nini hatari hiyo ni kubwa zaidi kwetu sisi wa pwani.

Tuanze na hao watu wa Wales. Daftari za parokia katika Uingereza na Wales ziliamriwa mwaka 1538, wakati wa Mfalme Henry wa Nane. Kila kasisi alitakiwa kuandika ubatizo, ndoa na maziko. Daftari nyingi za mwanzo zimepotea kwa unyevu, panya na uzembe. Hata hivyo, tangu mwisho wa karne ya 16 parokia zilitakiwa kupeleka nakala kwa askofu kila mwaka, na nakala hizo zimeokoa habari nyingi ambazo daftari zenyewe zimezipoteza. Kuanzia 1813 daftari za ubatizo zikawa na safu zilizochapishwa: jina la mtoto, majina ya wazazi, makazi, kazi ya baba, na kasisi aliyebatiza. Serikali nayo ilianza kuandikisha vizazi, ndoa na vifo tarehe 1 Julai 1837.

Hapana shaka msomaji atasema kwamba watu wenye hazina kama hiyo hawawezi kupotea. La hasha! Wanapotea, tena sana, na sababu yake ni ya kiisimu. Kwa karne nyingi watu wa Wales hawakuwa na majina ya ukoo. Mtu aliitwa kwa jina lake na la babake, na kati ya majina hayo likaja neno "ap" au "ab", lenye maana ya mwana wa. Dafydd ap Rhys alipozaa mwana na kumwita Rhys, mwana huyo alikuwa Rhys ap Dafydd. Je, huu si utaratibu wetu wa "bin"? Salim bin Juma humzaa Juma bin Salim, na jina la pili hubadilika kila kizazi. Makarani wa Kiingereza walipoyagandisha majina hayo, "ap Rhys" likawa Price, "ab Owen" likawa Bowen, na mwana wa John akawa Jones. Na kwa kuwa majina ya kwanza yaliyopendwa yalikuwa machache, majina ya ukoo nayo yakawa machache. Katika bonde moja waweza kukuta akina John Jones kadhaa walioishi wakati mmoja pasi na udugu wowote baina yao.

Ndiyo maana mtafiti makini wa Wales hamtafuti John Jones tu. Humtafuta John Jones wa shamba fulani, fundi seremala, mume wa mwanamke fulani. Hukumbuka pia kwamba kufikia katikati ya karne ya 19 wengi wa waliohudhuria ibada huko hawakuwa wa kanisa la serikali bali wa makanisa mengine, yaliyokuwa na daftari zao wenyewe. Kadhalika, baada ya kumpata mtoto katika daftari la ubatizo, hufungua daftari la maziko.

Hilo la mwisho ndilo tulilolifanya mimi na mwanafunzi wangu jioni ile. Tulitafuta maziko katika parokia ileile. Mtoto wa Wales aliyekuwa mzizi wa shajara nzima alikuwapo: alizikwa akiwa na umri wa miaka 3. Kijana alinyamaza kitambo. Kisha akauliza swali ambalo lilipaswa kutangulia: "Basi babu alilipata wapi jina hili?"

Jibu la swali hilo halipo Wales. Lipo ng'ambo ya kivuko cha Likoni, Freretown na Rabai.

Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Zanzibar alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, baada ya kushinikizwa na Waingereza. Manowari za Uingereza zilikamata majahazi, na watu waliomo walihitaji mahali pa kushushwa. Mwaka 1875 Church Missionary Society ilianzisha kijiji cha Freretown, mkabala wa kisiwa cha Mombasa, chini ya uongozi wa William Salter Price. Msomaji aliyefuata maelezo yangu atatambua kwamba hata jina la mwanzilishi huyo, Price, asili yake ni lile "ap Rhys" la Wales. Kengele yao ya kuwaonya watu dhidi ya wateka watumwa ndiyo iliyopatia mtaa wa Kengeleni jina lake.

Kabla ya hapo Price alikuwa ameendesha kituo cha Sharanpur, karibu na Nasik huko India, ambako watoto wa Kiafrika waliokombolewa baharini walisomeshwa. Baadhi yao walirejea Afrika ya Mashariki wakiwa watu wazima. Mmoja wao alikuwa William Jones, aliyefika Rabai mwaka 1864, akapewa ushemasi mwaka 1885, na mwaka huohuo akafuatana na Askofu Hannington katika safari iliyoishia kwa mauaji ya askofu huyo Busoga. Jones ndiye aliyewaongoza walionusurika kurudi pwani. Mwafrika huyu alibeba jina ambalo huenda ndilo la Ki-Wales kuliko majina yote. Je, alikuwa na babu huko Wales? Hakuwa naye. Jina lilitokana na ubatizo.

Mtoto aliyenyakuliwa bara, akatembezwa hadi pwani, akauzwa, akatiwa jahazini, akakombolewa na kufikishwa misheni, alipewa jina jipya: pengine la mtu wa Biblia, pengine la mfadhili aliyetoa fedha za kumtunza. Jina alilopewa na mamaye mara nyingi halikuandikwa. Nilimwonyesha kijana cheti chake kwa mara ya pili. Jina la mtoto lilikuwapo, tarehe ilikuwapo, sahihi ya kasisi ilikuwapo. Mahali pa jina la baba palikuwa patupu. Ni pengo hilo alilokuwa akilijaza kwa mkulima wa Wales.

Nina sababu ya kulisema hili kwa upole. Nyumbani kwetu tuliambiwa tu kwamba mama mzaa nyanya yangu "alitoka bara". Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya udaktari kuhusu majina ya watu, nilimkuta katika daftari la kanisa, na mbele ya jina lake kasisi alikuwa ameandika neno la Kiingereza lenye maana ya aliyekombolewa. Nilimpelekea mjomba nakala. Aliisoma, akaikunja, akasema: "Husemwa mwacha asili ni mtumwa. Sisi hatukuiacha, tuliachishwa." Baadaye alinieleza kwamba bibi yule aliwaita wazee "ambuje". Neno hilo ni la Kiyao. Nilifurahi, kisha nikajizuia. Neno moja huweza kuazimwa, na Wayao walikuwa wengi miongoni mwa waliokombolewa. Hiyo ni dalili, si ushahidi kamili. Katika shajara yetu nimeandika "huenda Myao", na hilo "huenda" sitalifuta mpaka nipate shahidi wa pili.

Hapa ndipo ninapotaka kuwageukia walimu wa Kwale. Wengi wetu huku ni Wadigo na Waislamu, na waweza kusema kwamba daftari za parokia hazituhusu. Utaratibu wa kuthibitisha, hata hivyo, hauna dini. Sisi tuna daftari za ndoa na talaka za makadhi, hati za mashamba, daftari za shule, makaburi, na juu ya yote kumbukumbu za wazee. Kila chanzo kina ubora wake na udhaifu wake. Mdigo wa zamani alihesabu ukoo wake kwa upande wa mama, yaani fuko, na mali ilitoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa. Uislamu na sheria za serikali ziliupa nguvu upande wa baba. Hivyo basi hati itamtaja baba peke yake, ilhali bibi kizee atakutajia mama wa mama wa mama. Mtu anayefuata hati tu atapoteza nusu ya watu wake, na pengine ile nusu waliyoiona wao wenyewe kuwa ndiyo ukoo.

Tahajia nayo ni mtego. Makarani wa Kiingereza walishindwa na sauti ya kwanza ya jina la Ki-Wales Llwyd, wakaandika Lloyd, na wengine wakaandika Floyd. Kwetu, mlima uitwao Dzombo umeandikwa Jombo katika ramani nyingi. Ikiwa mlima mzima umebadilishwa jina na kalamu, itakuwaje kwa mtoto aliyesimama mbele ya karani asiyejua Kidigo? Mwanafunzi anayetafuta jina la babu yake sharti kwanza ajiulize jina hilo lingesikikaje katika sikio la mgeni.

Atakayedhani kwamba haya ni mambo ya kujifurahisha na awakumbuke Wamakonde wa Makongeni. Wazee wao walitoka Msumbiji, wengi wao kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa ya wilaya hii. Watoto na wajukuu wao walizaliwa hapa bila ya kutambuliwa kuwa raia. Sheria ya uraia ya mwaka 2011 ilimfungulia mlango mtu asiye na uraia wa nchi yoyote aliyekuwa akiishi nchini mfululizo tangu tarehe 12 Desemba 1963. Lakini ni nani awezaye kuthibitisha alikokuwa baba yake siku hiyo? Iliwabidi waandamane kwa miguu kuelekea Nairobi mnamo Oktoba 2016 ndipo serikali ikaridhia kuwatambua. Kwa watu hao, kadi ya kazi ya shambani au jina katika daftari la ubatizo si kumbukumbu ya kupendeza tu. Ni kitambulisho, ni shule, ni haki ya kupiga kura.

Ninatoa rai tatu. Kwanza, walimu wa historia na wa Kiswahili wawape wanafunzi kazi ya kuandika nasaba ya vizazi vitatu, kwa sharti kwamba kila jina liwe na mashahidi wawili wasiotegemeana: hati na mzee, au kaburi na hati. Nakala ya cheti na cheti chenyewe ni shahidi mmoja, si wawili. Pili, mwanafunzi afundishwe kutafuta si ushahidi unaounga mkono anachokitamani tu, bali pia ule unaoweza kukivunja. Daftari la maziko lifunguliwe kabla ya shajara kutiwa wino. Tatu, makanisa, misikiti na ofisi zenye daftari za kale zizihifadhi na zitoe nakala mapema. Chumvi ya bahari na mchwa havingoji bajeti, na nakala za maaskofu wa Wales zimetufunza kwamba kinachookoka ni kile kilichowekwa mahali pawili.

Kuna watakaosema kwamba ni vyema kuyafunika yaliyopita, kwa kuwa wengine wataona aibu kugundua kwamba wazee wao waliuzwa. Ninawaheshimu wanaonyamaza kwa uchungu. Lakini aibu ya utumwa ni ya aliyeuza na aliyenunua. Aliyeuzwa hana deni la aibu kwa mtu yeyote, na mjukuu wake hahitaji kuazima babu wa Ulaya ili apate heshima.

Mwanafunzi wangu alirudi baada ya majuma mawili na shajara mpya, fupi kuliko ile ya kwanza. Juu kabisa liliandikwa jina la baba wa babu yake na mwaka wa ubatizo. Mahali pa baba na mama wa mtu huyo alikuwa ameandika: "Hawajulikani bado." Nilimpa alama za juu, hasa kwa neno lile la mwisho.