Ng'ombe wa shangazi kaliwa na 'afande' wa suti

Roho inauma. Jumamosi nilidandia Hiace hadi Marangu kumjulia hali shangazi. Kuchungulia zizini, patupu! Nikadhani ng'ombe yuko malishoni, nikasahau kwamba huku kwetu ng'ombe hatembei, majani ndiyo yanamfuata.

"Shikamoo shangazi. Ng'ombe yuko wapi?"

"Marahaba baba. Yuko jeshini."

Basi bwana, kisa chenyewe ni hiki. Binti yake kamaliza kidato cha sita na anataka kuwa mtaalamu wa mikakati ya ulinzi. Siyo kubeba bunduki, anataka kuwa yule anayeinamia ramani na wakubwa akiwaambia hatari itatokea wapi. Hapo mjini Moshi akakutana na jamaa mmoja, suti nyeusi, miwani ya giza usiku, simu mbili mkononi, anajiita "mshauri wa usalama wa taifa". Akadai pesa ya fomu, binti ataingizwa moja kwa moja. Ng'ombe akauzwa, jamaa akala mshiko, na simu zote mbili hazipatikani.

"Mdogo wangu," nikamuuliza, "mtu wa usalama kweli atajitangaza stendi?" Akacheka huku machozi yanamtoka. JWTZ wenyewe wamesema mara ngapi kwamba nafasi zao haziuzwi? Lakini mwenye shida hasikii, mie namwelewa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi aliyoitaka ipo, na iliwahi kufanyika hapahapa Moshi. Machi 1979, vita ya Kagera ikiwa imepamba moto, Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana mjini hapa wakaunda UNLF na kumchagua Yusuf Lule awaongoze. Kampala ikaanguka Aprili 11. Lule akakaa ikulu siku 68 tu, Juni wenzake wakamtoa! Kumtimua Amini ilikuwa shughuli moja, kujua nani atakaa kwenye kiti na wangapi watamkubali ilikuwa nyingine kabisa. Hiyo ya pili ndiyo anayoitaka binti wa shangazi.

Njia zipo, ila hazina mkato. Kuna JKT, kuna Monduli kwa wanaotaka uofisa. Asiyetaka magwanda asome siasa chuo kikuu, au uhusiano wa kimataifa pale Kurasini, chuo kilichoanzishwa 1978 na Tanzania na Msumbiji, ambacho sasa kina jina la Dk. Salim Ahmed Salim. Chuo cha Taifa cha Ulinzi kule Kunduchi, kilichoanza 2012, kinachukua maofisa wakubwa wa jeshi na serikali. Huko huendi na cheti cha kidato cha sita.

Nikamtia moyo kwa habari ya Mrisho Sarakikya, jirani yetu wa Meru. Jeshi la zamani liliasi Januari 1964, na mwaka huohuo Mwalimu akamkabidhi jeshi jipya, naye akiwa kijana wa miaka kama 30 hivi aliyesomea Sandhurst, Uingereza. Baadaye akawa waziri, kisha balozi. Na Kilimanjaro kaupanda mara nyingi tu.

Binti akakaa sawa, macho yakawaka. Shangazi, aliyekuwa kimya akimenya ndizi, akainua kichwa.

"Na huyo yeye alitoa ng'ombe wangapi?"