KONA YA SAYANSI: Nyota ya mkia ina ratiba yake

Mwezi huu tuongee juu ya nyota ya mkia, yaani kometi. Wengi wanasema ikionekana, vita inakuja. Hapana. Hiyo si nyota kabisa, ni donge la barafu, vumbi na mawe. Ikikaribia jua, barafu inageuka mvuke na kutoka pamoja na vumbi. Ndio huo mkia.

Kometi moja inaitwa Encke, upana wake kama kilometa 5. Pierre Méchain aliiona Ufaransa mwaka 1786. Mwaka 1795 akaiona Caroline Herschel kule Uingereza, dada ambaye mama yake alitaka afanye kazi za nyumbani tu. Jean-Louis Pons akaiona mwaka 1805, tena 1818. Mjerumani Johann Encke akachukua tarehe zao zote, akapiga hesabu: kumbe ni ileile! Inazunguka jua kwa miaka 3 na miezi kama 4. Akasema itarudi 1822, na kweli ikarudi.

Kitu chenye ratiba hivyo hakileti vita. Vita inaletwa na watu. Basi tusiwatishe watoto, na mabinti tuwaache wasome hesabu.

Watoto, Encke imeacha vumbi njiani. Kila mwezi wa 10 na wa 11 linawaka angani kama vimondo. Kaeni nje na mzazi, hesabuni, andikeni tarehe na saa kwenye daftari. Tutalinganisha darasani.

Mwalimu wenu